Doa Limekataa

Kimelala kwenye droo ya saba,
kipande cha lesi kisichozidi kiganja changu.
Kadi inasema: Kifuniko cha kifua, lesi ya mto, Olney, 1789.
Kifuniko!
Nimecheka peke yangu humu stoo.
Kitu kinachopitisha pini, upepo
na jicho la mwanamume yeyote mwenye subira
kingefunika nini?

Bibi Arabella Wingrave alikichomeka hapa, penye bonde,
gauni lilipokatwa chini hadi kasisi akaanza kutazama dari.
Stara, walisema.
Kwetu wangemwambia mficha uchi hazai,
naye angejibu kwamba hafichi,
anawekea mabano.

Picha yake iko ghorofa ya juu.
Mchoraji amehangaikia lesi kuliko uso:
uso ni yai,
lakini kila tundu la ua limepigwa nukta nyeupe
na kila nukta imelipiwa.

Aliyeisuka hakuchorwa.
Namjua kwa daftari la mchuuzi tu:
Kezia Tebbutt, yadi mbili na robo,
amekatwa peni nne kwa uchafu.

Lugha yangu ina neno moja, mto,
kwa ule unaopita nyuma ya kanisa la Olney, mzito kwa mvua,
na kwa ule ulioshindiliwa majani makavu
ukalala mapajani pa Kezia tangu ana miaka mitano.
Nadhani mito yote miwili ilimjua kwa ubaridi wa miguu.

Usiku, mshumaa mmoja kwa wasichana kumi na wawili,
chupa za maji zikiuzunguka, zikiugawa mwanga,
kila mmoja na tone lake la nuru juu ya pini.
Moto marufuku, masizi yangeharibu uzi.
Chungu cha majivu chini ya sketi, basi.
Na shingo zao,
shingo za waliosuka urembo wa shingo,
ziliachwa wazi
ili kofi la mwalimu lisipotee njia.

Vijiti vyake tunavyo, kumi na tisa, vya mfupa,
vyembamba kama miguu ya ndege, na shanga mkiani.
Nimevigeuza chini ya lenzi.
Vimetobolewa maneno, nukta nyekundu, nukta buluu,
yakipanda kwa kuzunguka:
jina la kaka aliyechukuliwa jeshini,
kisha: Usiniache njiani.
Kisha: Ahadi zako nimezihesabu.
Mama yangu! Hii ni kanga.
Hii ni ile shangazi Mwanakombo aliyoivaa Makorora
akapita mlangoni kwa mke mwenziwe mara tatu
asitamke neno.

Ua la nne, upande wa kushoto, pana doa.
Dogo, rangi ya chai ya rangi.
Pini, kidole, tone.
Akalisukia jani juu, jani ambalo maua mengine hayana.
Mchuuzi aliliona. Bibi hakuliona.
Likakaa pale pale, joto kwa joto, karamu baada ya karamu.
Hakuna mtu mwingine wa mtaa ule wa chini
aliyewahi kumkaribia hivyo.

Bwana Pettifer anataka kiwe cheupe kabla ya maonyesho ya Juni.
Ni mtu wa heshima, huniita bingwa.
Nimeandaa maji yaliyochujwa, pamba, brashi ya nywele za panya-buku,
leso yangu nimeizungusha shingoni kwa baridi,
nikainama.

Kila mshonaji anajua:
damu ya sindano hutoka kwa mate ya mwenyewe.
Mwenyewe hayupo.

Nimekausha brashi ambayo haikulowa.
Kwenye fomu, sehemu ya matokeo, nimeandika:
Limejaribiwa. Doa limekataa.
Droo ya saba hukwama kidogo.
Nimeisukuma kwa nyonga.