Mgongo wa Salehe

Usiniulize nilianza lini. Uliza nilipotea lini.
Nina miaka sita, mdundiko unapita Keko Machungwa,
nami huyo, na kaptura moja na kipande cha mkate,
hadi Mtoni, mahali ngoma zilipowekwa chini
zioteshwe moto wa makaratasi, ngozi zikaze.
"Mtoto wa nani huyu?"
Sikujibu. Nilikuwa nasikiliza ngozi ikikauka.

Baba alinichapa kwa rula ya useremala,
kwanza bapa, kisha ukingo.
Hata pale nilisikia tofauti ya sauti.
Bibi akacheka: ngoma ya watoto haikeshi.
Ameshazikwa Chanika, na mimi bado sijalala.

Karakana ndiyo iliyonilea.
Randa juu ya mninga, shii, shii,
nyundo tatu zisizoelewana,
na fundi Pazi: anagonga mara mbili,
anakohoa,
anagonga ya tatu.
Kikohozi kile kimo katika kila nipigapo,
pale unaposubiri nami sipigi.

Kiingilio cha ukumbi wa Tandika sikuwa nacho.
Nilikuwa na tundu kwenye bati nyuma ya jukwaa,
upana wa sarafu,
na ndani ya tundu, mgongo wa Salehe Kibindo,
shati limelowa hadi mbavu zahesabika.
Miezi minane niliusoma mgongo ule.
Hakuna aliyeniambia Salehe ana shoto.
Nilinakili vyote, na kosa nikalinakili.
Leo nakula kwa kulia, naandika kwa kulia,
nikikalia kile kigoda nageuka mtu mwingine.

Vyombo? Vichache.
Besi ni pipa la gundi ya mbao,
pedali yake inarudishwa na springi ya breki ya baiskeli.
Toazi moja, lina ufa; nimelitoboa penye ncha ya ufa
ili ufa ufike hapo ukome.
Vijiti nachonga mwenyewe, mpera.
(Mninga ni mti wa kukaliwa, si wa kupigia.)
Sneya tu ndiyo ya dukani, Kariakoo,
kwa fedha ya dada yangu Mwanaidi,
ambaye kila Idi huniuliza:
"Hela yangu inalia vizuri?"

Mazoezi ni saa tano usiku, juu ya mabaki ya godoro za makochi,
polepole, polepole kuliko inavyopendeza,
hadi mkono wa kulia, ule mvivu, uone haya.
Nyuma ya ukuta analala Mama Havijawa.
Hugonga kwa mchi, mara tatu.
Kwa hasira, ndiyo,
lakini ndani ya pigo.
Nikazoea kumwachia nafasi yake
kama unavyomsogezea mtu mkeka.

Wiki aliyokwenda Rufiji msibani
nilipiga kama mtu anayeshuka ngazi gizani,
mguu unatafuta kidato ambacho hakipo.

Alhamisi nikaona kanga zake kambani.
Usiku nikaanza chini kabisa, kwa ncha za vijiti,
nikafika pale penye nafasi,
nikapaacha wazi, kikohozi cha Pazi kizima.

Ukuta kimya.

Kisha mara tatu.
Kisha ya nne, imechelewa kidogo,
na safari hii mimi ndiye niliyemfuata.