Upande Mrefu Ulale Chini

Mwalimu Nerima anastaafu Ijumaa
na walimu wenzake wameleta oda Uhuru Market:
mfarishi mmoja, wa masalio ya sare
za shule zote alizopata kushika chaki.
Damu ya mzee ya Jericho. Kijani cha Mbotela.
Ile buluu ya Kaloleni isiyojua kukaa buluu,
ikifuliwa mara tatu inakuwa anga la Julai.

Tuligawana. Safu nne kwangu, nne kwa Wanza,
miraba minane kila safu,
inchi sita kila mraba ukishashonwa,
robo inchi ya pembeni iliwe na mshono.
Siku tatu cherehani zetu zilisemezana,
yake ikikohoa, yangu ikisaga.

Alhamisi jioni tukalaza nusu kwa nusu.
Mshono wa kwanza ukamkosa mwenzake
kwa unene wa uzi wa sweta.
Wa pili, nyuzi mbili.
Wa saba, nikatazama pembeni,
upana wa ukucha.
Palipotakiwa njia panda
pakawa na njia mbili zinazopishana bila salamu.

"Umekata kwa haraka," nikamwambia.
"Umeshona kwa hasira," akanijibu,
na kila mmoja akavuta futikamba yake shingoni
kama anayeita shahidi.

Tukazilaza sambamba mezani.
Yangu, ya marehemu Makokha aliyenifundisha kazi,
ilianza sawa na yake pale kwenye kichuma
halafu ikaenda zake.
Kwenye arobaini na nane ya Wanza
yangu ilikuwa bado inasoma arobaini na saba na nusu.
Miaka kumi na minne ya jasho la shingo,
ya kuning'inia msumarini na mkasi mzito,
iliivuta kimyakimya
nami nikiiamini kama mtoto anavyoiamini kengele.

Wanza hakucheka. Nilicheka mimi,
kisha nikawakumbuka wazazi wa kila Januari:
"Nguo za Bosibori zinamsubiri mtoto akue."
Sifa hiyo niliipokea, nikaiweka mfukoni,
na mikono ya sweta ikafunika vidole
darasa baada ya darasa,
wakiandika kwa kalamu zilizochungulia tu.

Muda wa kufumua haupo. Mteja anakuja kesho,
na stima imeshakonyeza mara mbili.
Wanza akasema lile ambalo Makokha hakuniambia:
upande mrefu ulale chini.
Meno ya cherehani yako chini,
yenyewe yatakula kilichozidi.

Pasi kwanza. Mikunjo yangu ilale kushoto, yake kulia,
ili ikikutana ibanane ubavu kwa ubavu.
Hapo huhitaji macho. Unasugua kwa kidole gumba
mpaka kitu kitumbukie, kitulie,
na pini ipite katikati, wima,
kabla hujapumua.
Pini saba. Kati ya pini na pini
kitambaa changu kilijaa hewa
kama shavu la mtu anayezuia jibu.

Nikakanyaga. Wanza akashika mkia.
Pini ya kwanza ikatoka. Njia panda.
Ya pili. Njia panda.
Kwenye ya tano nikasimama,
nikazungusha gurudumu kwa mkono,
tundu moja,
tundu moja.

Ya sita haikukutana. Karibu, lakini hapana.
Buluu na kijani zimekoseana kwa upana wa sindano.
Mwalimu Nerima alipokunjuliwa mfarishi wake alilia,
akatafuta shule yake ya kwanza, akaipata,
akapitisha kiganja kuanzia ncha hadi ncha bila kusita.
Mimi ningesita. Kidole gumba changu kinapajua.

Futi ya Makokha sijaitupa.
Naifungia marobota ya masalio.
Inazunguka mara mbili, na inabaki.