Amelipa

Mama, nimelifungua lile daftari la buluu
lenye doa la chai pembeni,
ulilolificha chini ya maboksi ya saizi thelathini na mbili.
Nilikuwa natafuta namba za wateja wa zamani
niwaingize kwenye kundi, niwatumie punguzo la Januari.

Nimekuta "amelipa".

Mjane wa Njoro, jozi mbili: amelipa.
Mwalimu Kirumbuyo, aliyesimamishwa kazi: amelipa.
Baba Anaeli, mwaka ule kahawa iliposhuka bei
hadi watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya: amelipa.
Nimepiga hesabu kwa simu, nikarudia.
Fedha haikuingia. Mwandiko ni wako,
ile "p" yako inayochutama.

Wewe ni mtu wa foleni ya sukari,
kilo moja kwa kaya, na jirani akikosa
mlipimiana kwa kijiko, mlango umefungwa.
Ndiyo maana kutoa kwako kuna komeo.
Mimi ni mtu wa bando la usiku.
Kwetu usipoposti, hukuwepo.

Sikudanganyi, ile kampeni niliifanya kwa nia ya kusaidia
na kwa nia ya kuuza; zilikaa kiti kimoja
hata sijui ipi ilimsogeza mwenzake.
*Nunua jozi moja, mtoto mmoja avae.*
Simu ndiyo iliyoniambia nimwonyeshe nani:
wa miaka kumi na tisa, Dar, Mwanza,
wale wanaolia saa nne usiku wakiwa kitandani.
Wa umri wako isiwafikie,
wataanza kuuliza bei ya jumla.

Tukaenda shule moja ya Pasua, siku ya vumbi.
Mlima ulikuwa umejifunika, mpiga picha kanuna.
Oforo, darasa la tatu, akavaa, akatabasamu.
Jua limekaa vibaya, tukaambiwa.
Akavua. Akavaa. Akatabasamu.
Soli ilikuwa imeshashika udongo,
nikaipangusa kwa pindo la gauni langu.
Mara ya tatu akaniuliza, kwa adabu kabisa,
"Dada, hivi ni vyangu au ni vya picha?"

Hapo nilipakata.

Video ikaenda. Jozi mia nne na kumi na moja
kwa wiki mbili, Mama, wewe huzifikishi kwa mwaka.
Na watoto mia nne na kumi na moja
hawaendi tena shule wakichechemea kwa mbigili.
Siwezi kulitupa hilo
ili tu nionekane nina haya.
Daftari lako lote, nimehesabu,
ni jozi sitini na tatu kwa miaka kumi na tisa.

Lakini mjane wa Njoro alikuja juzi.
Ana wajukuu sasa. Alipita maduka matatu ya Mbuyuni
yenye bei ndogo kuliko yetu, akaingia hapa,
akalipa taslimu, hakuomba hata mia ipungue.
"Mama yupo?"
Nikamwambia umelala, miguu imevimba.
Akafungua kitenge, akatoa ndizi mshare,
akazipanga kaunta, juu ya bango la kampeni.
Nikanyanyua simu.
Akaitazama, halafu akanitazama mimi.
Nikairudisha mfukoni.

Hukuwahi kulipia tangazo hata moja, Mama.
Au ulilipia, kidogo kidogo, kwa wino,
na tangazo lako limetembea kwa miguu miaka yote hiyo
hadi leo asubuhi limefika na ndizi.

Sasa ni usiku. Simu inaniuliza
mwezi huu ningependa kufikia watu wangapi.
Sijaijibu. Nimefungua ukurasa mpya
kwenye daftari lako, nimeandika:
Oforo, Pasua, jozi moja.
Kalamu imekwama kwenye nukta mbili.
Kwako kila mtu alipewa, ukaandika amelipa.
Huyu wangu dunia nzima imeona amepewa,
ilhali yeye, Mama, alilipa.

Mara tatu.