Jina la Kumi na Mbili

Temirkul, majina kumi na moja uliyataja bila kusita,
ukihesabu kwa vidole vilivyonuka damu ya marmoti,
yule panya mnene wa mlimani:
mjomba Sagyn aliyemchuna ngozi,
wachungaji wa ng'ambo ya mto,
bibi yako aliyeyeyusha mafuta yake awe na dawa ya kifua.
Niliandika kwenye daftari la shule la miraba,
wino ukisitasita kwa baridi.

Kisha ukanyamaza. Tezi ya kwapani ilikuwa sawa na yai la bata.
Ukasema: yupo mwingine, ila huyo usimwandike.
Nikasema: nitajie tu.

Aiperi, binti wa mwalimu Joldosh.
Nyuma ya zizi la farasi, usiku wa Jumanne,
pande la nyama ndani ya leso, na yale mengine
ambayo mganga hana haja ya kuyauliza
isipokuwa kwa ajili ya mate, na pumzi, na saa ngapi.
Siri? uliuliza.
Siri, nikajibu.
Neno fupi. Lilinitoka kama kikohozi.

Alfajiri, kwenye simu ya wilaya,
mtu aliyekuwa akitafuna kitu aliacha kutafuna
nilipotamka tauni. Wangapi? akauliza.
Nilitazama dirishani. Watu walikuwa wakikamua farasi,
kaya mia na nne, moshi umenyooka,
nawe kitandani ukipumua kama mtu apandaye ngazi.
Nikasema: kumi na wawili.

Wakafunga daraja kwa mnyororo. Wakamwaga chokaa.
Mnada wa kondoo ukapita bila sisi;
Sagyn aliuza kundi lake kwa bei ya ngozi.
Na ile orodha (sikujua, naapa sikujua)
wakaibandika kwenye mlango wa duka la unga,
kwa mwandiko wangu.

Hakufa mtu. Ni wewe tu, Ijumaa, tukakuzika
ndani ya plastiki, bila kuoshwa, mama yako akizuiwa kwa kamba.
Hakufa mtu: nalirudia usiku kama mwenye duka ahesabuye sarafu.
Aliyeepushwa na ugonjwa ambao haukumfikia
atanishukuru kwa lipi?
Aiperi alimeza vidonge siku saba. Siku ya nane
baba yake alimpandisha lori. Hajarudi.

Simu ile ikilia tena, nitasema kumi na wawili tena.
Ni lile neno fupi ninalolijutia,
ingawa bila hilo, Temirkul,
usingenitajia.

Sasa theluji imeyeyuka, marmoti wanapiga mbinja.
Jana nilisikia kuna mtoto mwenye homa kwa Burulcha.
Nilikwenda. Mlango ulikuwa na komeo.
Nikabisha, nikasema ni mimi,
na ndani mtu akamziba mtoto kikohozi
kwa kiganja.