Jumatano za Karai

Saa tatu asubuhi, miaka ishirini na saba,
Zablon Ogweno aliliinamia karai la bati pale Ahero
kama mtu anayemchungulia mtoto mchanga,
akasoma maji yamepungua kiasi gani,
akaandika. Milimita sita. Tano na nusu. Sita tena.
Maji hayakuaga. Yalikwenda tu.

Na ng'ambo ya ua, kwenye majaruba,
mengine yalikuwa yanapanda ndani ya mpunga,
mzizi, bua, jani, kisha hewani,
shamba zima likitoka jasho kimya kimya
nasi tukidhani limesimama bure.

Mimi niliajiriwa kuyachapa madaftari yake.
Kumi na manne, yananuka panya na mafuta ya taa.
Joto la juu, joto la chini, unyevu, upepo, saa za jua:
safu tano za kuilisha kompyuta.
Ya sita, mvukizo, iwe jibu la mtihani.
"Ikishajua," alisema Nerea, mhandisi aliyetoka Njoro,
"karai likapumzike. Hali ya hewa itatosha."

Ikajifunza.
Ilikisia, ikakosea, ikajirudi, ikakosea kwa uchache,
mara elfu kwa usiku mmoja
bila chai, bila kununa.
Ikajua kwamba hewa iliyoshiba haiombi maji,
kwamba upepo wa alasiri kutoka ziwani
hufanya kazi ambayo jua peke yake halimalizi.
Sikuifundisha haya. Nilichapa tarakimu tu,
kidole cha shahada kikaota sugu.

Lakini kila Jumatano ilijikwaa.
Siku sita ikisema tano, karai linasema tano.
Jumatano ikisema tano, karai linasema saba.
Mwaka wa mafuriko, saba. Mwaka wa njaa, nane.
Nerea akaishika kahawa yake mpaka ikapoa.
"Jua halina kalenda," akasema.
"Upepo hauendi sokoni."

Sokoni.

Nilimkuta Zablon kwake Awasi, anamenya mihogo.
Nikamwonyesha mchoro, vilele vyake vimepangana
kama meno ya msumeno.
Akacheka hadi akaweka kisu chini.
"Hao ni mbuzi wa Rosbela! Siku ya soko hupita pale,
na ule ua una tundu tangu nilipoajiriwa."
Milimita mbili za karai lile:
lita mbili na ushei. Kiu ya mbuzi wawili, labda watatu.

"Mbona hukuandika?"
"Niliambiwa niandike maji yamepungua kiasi gani.
Yalipungua."
Akaokota kisu.
"Tundu nalo niliandikia barua. Mara nne.
Jibu halikuja, mbuzi wakaja."

Tukazifuta Jumatano zote,
elfu moja mia nne na kitu,
na kompyuta ikatulia kama mgonjwa aliyeng'olewa jino.
Sasa alfajiri wakulima hupata ujumbe kwenye simu:
*jana shamba limepoteza tano nukta nane,
pampu iende saa tatu.*
Zamani ilikwenda tano, kwa kubahatisha,
na bili ya stima ikala gunia zima la mchele.
Nyando nayo inapumua kidogo, nadhani.
Sijui. Hilo hatukulipima.

Zile Jumatano sikuzitupa.
Ziko kwenye faili lake, nimeliita *mbuzi*.
Nerea aliliona, akanyamaza.

Karai bado lipo, limekauka,
lina majani ya mkaratusi na kinyesi cha ndege.
Tundu la ua halijazibwa.
Juzi ilikuwa siku ya soko.
Nilipita pale na ndoo.