Kijiko cha Halina

Jumanne nilipimwa sukari.
Jumatano, kantini ya kiwanda cha nyuzi, Łódź,
nikakunja andazi la jamu ndani ya leso,
nikalila chooni, nimesimama, kama mwizi.

Halina hakuuliza kitu.
Aliinywa chai yake chungu, akakunja uso,
yeye wa vijiko vinne tangu tukiwa wasichana.
Kisha akasukuma sahani katikati:
kabichi, bitiruti, mkate mweusi.
“Kula. Peke yangu hakishuki.”

Tangu hapo bakuli la sukari limehama mezani.
Wiesława hulalamika mdomo umejaa kabichi.
Andazi bado naliota, nisiseme uongo,
harufu yake, mafuta yake vidoleni.

Mla nawe hafi nawe, nasikia.
Huyu hataki nife kabisa.