Zipu ya Kambare

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni:
filamu ni mbovu.
Mwezi unachomoza mara mbili usiku mmoja.
Mkuu wa polisi anaingia mlangoni na kofia nyeusi,
anatokea upande wa pili na kofia ya kijivu.
Eti tuko Luiziana, kwenye vinamasi,
lakini nyuma ya mamba wa plastiki
naliona bwawa letu la Kardzhali, hapa hapa Bulgaria,
na ule mnara wa maji ambao shangazi Penka
aliutazama dirishani maisha yake yote
bila kuusifu hata siku moja.

Walikuja Oktoba, wageni tisa na lori moja.
Fedha zikawaishia Jumatano ya pili
na kambare bado hana mgongo.
Ndipo wakabisha hodi kwa mama,
mshonaji wa makoti ya wauguzi,
wakamwekea mezani mchoro
na boksi la peremende kama malipo ya awali.

Mama hakucheka. Alivaa miwani.
Akauliza: huyu mnyama hulala ubavu gani?
Wakatazamana.
Kesho yake alinunua kambare mzima sokoni,
akamtia kwenye hodhi letu la kuogea
(siku mbili tukaoga kwa jirani),
akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa
kumwangalia anavyopumua.
Kisha akashona. Sifongo la godoro,
mipira ya baiskeli,
pazia la sinema iliyofungwa tangu mabadiliko,
na zipu ya hema la jeshi,
ndefu kuliko mimi.

Rumen, mchimba migodi asiye na mgodi,
aliingia humo asubuhi
akatoka jioni amepungua kilo nne.

Leo wanaionyesha tena, saa nane kasorobo usiku,
baada ya tangazo la dawa ya magoti.
Tafsiri ni ile ile ya zamani:
mwanamume mmoja anasoma maneno ya wote juu ya sauti zao,
bibi harusi, daktari, mtoto aliyepotea,
wote kwa sauti ya mtu anayetangaza bei ya mbolea.
Ila kambare.
Kambare hakuna aliyemtafsiri.
Akilia, analia mwenyewe,
yaani ni Rumen ndani ya sifongo lililolowa
akiitafuta hewa,
na katika filamu nzima
huyo ndiye peke yake ninayemsikia.

Halafu kuna mzee Ognyan.
Aliambiwa akimbie kama wengine. Akaitikia.
Mji mzima unakimbia, viatu vinavuka,
mtu mmoja anaanguka kwa ustadi wa kupita kiasi,
na Ognyan amesimama.
Goti lilikataa, alisema baadaye.
Mkewe alisema alisahau tu.
Ninachokiona mimi ni mzee
aliyeona kitu kikubwa kikitoka majini, kimechoka,
akavua kofia.

Hawakuwa na fedha za kurudia.
Kambare naye anasimama, jambo ambalo
halikuandikwa popote.
Wanatazamana muda mrefu
kuliko mfuko wao ulivyoruhusu.
Maji yanamchuruzika mnyama kidevuni.
Nyuma yao kuna mbwa wa mtu, hajui kama kuna sinema,
anajikuna.
Nimeona filamu za mamilioni, zenye majoka
ambayo kila gamba limehesabiwa,
wala sijaona hata moja
iliyothubutu kumwacha mbwa ajikune.

Kisha kambare anageuka arudi bwawani,
na hapo inaonekana, sekunde tatu: zipu.
Watu wote hucheka hapo. Nami hucheka.

Mama ameinamia kioo, chai imepoa,
miwani imeshuka hadi ncha ya pua.
"Sasa," ananong'ona kabla haijatokea.
Anaifuata kwa kidole, toka shingo hadi mkia,
akikagua mshono.
"Siku kumi na moja majini," ananiambia,
kana kwamba nimebisha,
"na haikufunguka."